EJ20 turbo inakula oili: usishushe injini kabla ya kupima

Mkuu, umesema Subaru WRX yako yenye injini ya EJ20 inakula oili, inatoa moshi wa bluu ukipandisha Marangu, na fundi wako hapo Moshi anataka kushusha injini wiki hii. Mwambie asubiri. Turbo iliyochoka nayo hutoa moshi huohuo, kwa hiyo fungueni mabomba yake kwanza, mtazame kama yamejaa oili na kama shafti inacheza.

Kisha pimeni kompresheni, yaani nguvu ya kila silinda kubana hewa: injini ya moto, plagi zote nje, petroli imekatwa, akseli imekanyagwa mpaka mwisho. Namba zikiwa chini kidogo ya zile za kitabu usishtuke, maana hewa ya mwinuko ni nyepesi. Kinachotisha ni silinda moja kuachwa mbali na wenzake. Ile mbinu ya kumwaga oili kwenye tundu la plagi ili kujua kama ringi za pistoni zimelika usiitegemee hapa. Silinda za EJ20 zimelala, oili inatuama upande wa chini na haizibi ringi yote. Afadhali muingize upepo wa kompresa vali zikiwa zimefungwa, msikilize: ukitokea mdomo wa oili ni ringi au pistoni iliyopasuka, ekzosi ni vali, rejeta ikitoa mapovu ni gasketi ya hedi.

Kateni na filta ya oili. Mkikuta vipande vinavyong'aa, beringi zimeanza kulika, hapo shusheni bila kubishana. Ila pistoni usinunue mpaka bloku ipimwe; silinda ya kiwandani ni milimita 92, ikichongwa itataka pistoni kubwa zaidi. Na kipoza oili kibadilishwe, uchafu wa chuma hujificha humo ukaja kuua beringi mpya.