Barua ya juri imefika, sasa nifanyeje?

Kila baada ya miezi michache kuna mtu ananipigia usiku, sauti ya chini kama anaficha mwizi chumbani: "Dada, nimepata barua ya mahakama." Ukimuuliza inasemaje, hajaifungua. Simlaumu. Kwetu tulikotoka, mahakama inakuita kwa sababu umeshtaki, umeshtakiwa, au umeona jambo ambalo bora usingeliona. Hapa Marekani kuna sababu ya nne: unaitwa ukasikilize kesi ya watu usiowajua, halafu wewe na wenzako mtoe uamuzi. Hiyo ndiyo juri. Maswali mliyonitumia nimeyafupisha na majina nimeyaondoa. Mimi si wakili. Nimeitwa mara tatu, na mara moja nikakaa kwenye kesi mpaka mwisho.

Nina grini kadi, sijawa raia bado. Samansi imekuja na jina langu kamili. Niende? (Mama wa watatu, Houston)

Kukaa juri hupaswi, mama, lakini barua usiitupe. Majina wanayachota kwenye orodha ya wapiga kura na ya wenye leseni za udereva, na leseni unayo. Hawakujua kama wewe ni raia au la, ndiyo maana wameweka swali hilo kwenye fomu. Weka alama kwenye "hapana", tia sahihi, irudishe kabla ya tarehe waliyotaja. Wakitaka nakala ya kadi, wape.

Kosa baya ni kuandika "ndiyo" kwa hofu ya kuonekana umekaidi. Kudai uraia usio nao ni jambo zito mno kwenye faili lako la uhamiaji. Na kama unakumbuka siku ile ya kuchukua leseni mtu alikuuliza kitu kuhusu kupiga kura ukajibu ndiyo ili foleni isogee, mtafute wakili wa uhamiaji kabla hujarudisha fomu. Mtafute wiki hii.

Nikinyamaza tu watanifanya nini? (Worcester)

Mara nyingi inakuja barua ya pili, yenye sauti kali zaidi. Ukiendelea kunyamaza, jaji anaweza kukuita ujieleze. Kwa mahakama za shirikisho, yaani za serikali kuu ya Marekani na si za jimbo, sheria inaruhusu faini mpaka dola 1,000, kifungo mpaka siku 3, au kutumikia jamii. Majimbo yana adhabu zao.

Kinachonishangaza ni kwamba kuahirisha ni rahisi kuliko kujificha. Una safari ya kwenda kumzika mzazi, una mtihani, una upasuaji: andika, omba tarehe nyingine. Ombi la kwanza huwa halina mgogoro.

Na hapo hapo niwaonye. Akikupigia mtu akisema ulikosa juri, hati ya kukukamata imetoka, na njia ya kuifuta ni kununua kadi za zawadi dukani umsomee namba, huyo ni tapeli. Mahakama haidai pesa kwa simu namna hiyo. Kata simu, kisha piga namba uliyoitafuta mwenyewe ya karani wa mahakama.

Kiingereza changu kina lafudhi nzito, watu wananiambia nirudie. Nikisema sijui Kiingereza wataniacha? (Kijana, Columbus)

Unajua Kiingereza au hujui? Sheria ya shirikisho inataka uweze kusoma, kuandika na kuelewa kiasi cha kujaza fomu yao vizuri, na uweze kukizungumza. Lafudhi haimo. Kama unaendesha shughuli zako zote kwa Kiingereza, kisha mbele ya jaji unakuwa bubu, atakuuliza unafanya kazi gani na wapi, na jibu litakuumbua.

Lakini kama kweli mazungumzo ya haraka yanakupita, sema bila aibu. Mtu asikae kwenye kesi inayoweza kumfunga mwenzake miaka huku anaokota nusu ya maneno. Jimbo la New Mexico lina utaratibu wa peke yake: katiba yake inamlinda raia asiyejua Kiingereza asinyimwe juri, kwa hiyo anawekewa mkalimani. Kwingineko usitegemee hilo.

Siku yenyewe inakuwaje? (Kadhaa mmeuliza)

Ni siku ya kusubiri. Beba kitabu na koti, maana kiyoyozi cha mahakama hakina huruma. Mlangoni kuna mashine ya ukaguzi. Mara ya kwanza mimi nilisahau kisu changu kidogo cha kumenyea embe chini ya mkoba. Askari alikiinua kwa vidole viwili, akatazama kitambaa changu cha kichwani, akatazama kisu, akaniuliza, "Na embe liko wapi?" Lilikuwemo. Embe niliachiwa, kisu nikakirudisha kwenye gari.

Ndani kuna ukumbi wenye viti vingi, video ya kukueleza wajibu wako, na karani anayesoma majina kwa kuyavunja. Sikiliza herufi ya kwanza, usingoje jina lako litamkwe sawasawa. Kundi likiitwa, mnapanda kwenye chumba cha mahakama. Jaji anataja kesi inahusu nini, anawatambulisha mawakili na mshtakiwa, kisha maswali yanaanza. Unamjua yeyote hapa? Umewahi kuibiwa? Una ndugu polisi? Utaamini neno la polisi kuliko la mtu mwingine? Jibu ukweli, umeshaapa. Jambo la siri ukiombwa kulieleza, kama kupigwa au kubakwa, unaweza kuomba umwambie jaji pembeni.

Wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Massachusetts wana utaratibu wa siku moja au kesi moja: usipochaguliwa siku ile, umemaliza.

Niliulizwa maswali mawili tu nikaambiwa asante, naweza kwenda. Nilikuwa Mwafrika peke yangu kwenye safu. Ni ubaguzi? (Minneapolis)

Inawezekana, na inawezekana si hivyo. Kuna njia mbili za kutolewa. Ya kwanza ni kwa sababu iliyotajwa mbele ya jaji, mfano unamjua shahidi. Hiyo haina kikomo. Ya pili, kila upande una idadi maalumu ya watu wa kuwaondoa bila kusema kwa nini, na humo ndimo mengi yalikojificha. Mwaka 1986, katika kesi ya Batson dhidi ya Kentucky, Mahakama Kuu ya Marekani ilisema mwendesha mashtaka haruhusiwi kumwondoa mtu kwa rangi yake. Upande wa pili ukihisi hivyo, unasimama kupinga, na aliyekuondoa analazimika kutoa sababu isiyohusu rangi. Tatizo ni kwamba sababu za namna hiyo hazikosekani: hakunitazama usoni, alichelewa, alionekana kachoka. Arizona waliona heri kuung'oa mti mzima, na tangu 2022 hakuna tena kuondoa mtu bila sababu.

Wewe kama mjumbe wa juri huna la kufanya pale pale. Kupinga ni kazi ya mawakili. Ila usiondoke ukidhani uliulizwa ukashindwa. Haukuwa mtihani.

Naendesha teksi ya mtandaoni. Nisipoingia barabarani hakuna hela. Mahakama inalipa? (Dallas)

Inalipa hela ya kukutia hasira, kaka. Mahakama ya shirikisho ni dola 50 kwa siku. Texas, kwa mahakama zake, ni dola 20 siku ya kwanza na 58 kuanzia ya pili, na hiyo ni baada ya kuongezwa mwaka 2023. Zamani siku ya kwanza ilikuwa dola 6. California siku ya kwanza hupati kitu, kisha 15 kwa siku. Aliyeajiriwa analindwa kidogo, kwani karibu majimbo yote yanamkataza mwajiri kumfukuza mtu kwa ajili ya juri, ingawa mengi hayamlazimishi kumlipa. Wewe uliyejiajiri mwenyewe, kilio chako mpelekee jaji wakati wa maswali. Sema kesi ya wiki tatu itakukosesha kodi ya nyumba, na uwe na karatasi za kuonyesha. Kwa kesi ya siku mbili usitarajie machozi.

Shikamoo haitoki kwangu kwako, nina miaka 73. Dini yangu inanikataza kumhukumu binadamu. (Mzee wa Tanga)

Basi mimi ndiye wa kusema: shikamoo, mzee wangu. Kwanza, kwa umri huo mahakama nyingi za shirikisho zinakuruhusu kuomba kuondolewa, ukishapita miaka 70. Pili, ukifika mbele ya jaji, lieleze hilo la dini kama ulivyonieleza mimi. Wamezoea kulisikia. Atakuuliza kama unaweza kusema tu jambo limethibitishwa au halijathibitishwa, maana adhabu kwa kawaida anapanga jaji. (Yapo majimbo machache, Texas likiwemo, ambako juri yaweza kupanga hata adhabu.) Asiyependa kuapa kwa msahafu au Biblia anaweza kuthibitisha kwa neno tu.

Umeuliza pia kama hawa wa juri ni sawa na wazee wa baraza uliokuwa ukiwaona Mahakama Kuu kwetu. Wanafanana kwa kukaa. Wale walitoa maoni, na maoni yao hayakumfunga jaji. Kenya iliwaondoa kabisa kwenye kesi za jinai mwaka 2007. Hapa, juri ikisema mshtakiwa hana hatia, jaji hawezi kupindua hilo, hata akiwa hakuamini neno moja la utetezi. Kwa kawaida huwa watu 12 kwenye kesi za jinai. Florida kesi nyingi wanakaa 6. Na kumtia mtu hatiani kwa kosa kubwa lazima wote wakubaliane. Louisiana na Oregon waliwahi kuruhusu 10 kwa 2, mpaka Mahakama Kuu ya Marekani ilipokataza mwaka 2020.

Shahidi akitoa ushahidi kwa Kiswahili, na mkalimani akakosea, niseme? (Msomaji wa Portland)

Hili nililingoja. Chukua mfano. Shahidi anasema alimwona mtu "saa tatu usiku". Mkalimani aliyechoka anasema kwa Kiingereza saa tatu, kama ilivyo. Wewe kitini unajua saa tatu yetu ni saa tisa yao, na kwamba mshtakiwa ameleta ushahidi wa kuwa kazini mpaka saa nane usiku kwa hesabu yetu. Masaa sita yamepotea hewani na ni wewe tu uliyeyaona yakianguka.

Usinong'one na jirani. Usisubiri mkifungiwa kwenye chumba cha kuamua ndipo uwaambie wenzako, "Hakusema hivyo." Utaratibu wa kawaida ni kwamba ushahidi ni ile tafsiri ya mkalimani, si Kiswahili ulichosikia wewe. Andika kikaratasi papo hapo, mpe askari wa mahakama ampelekee jaji. Jaji ataongea na mawakili, na kama kuna kosa litasahihishwa mbele ya wote. Lisiposahihishwa, unabaki na tafsiri iliyotolewa, hata ikikukera.

Nilipoelezwa hili mara ya kwanza nilichukia. Baadaye nililielewa. Ukiwa mtafsiri wa siri chumbani, hakuna wakili wa kukuuliza umejuaje. Na Kiswahili chetu si kimoja. Mtu wa Lubumbashi akisema "alimupika", anasema alimpiga. Mimi wa Pwani naweza kukaa siku nzima nikitafuta sufuria. Hata neno "ndugu" lina watu wangapi ndani yake? Kaka, dada, binamu, mtu wa kijiji kimoja. Sauti ya wakili anayehoji ndiyo ya kulichambua, si yangu kwenye kikombe cha kahawa.

Jueni pia kwamba mkitajwa kuwa mnaelewa lugha ya shahidi, mtaulizwa kama mtaikubali tafsiri ya mkalimani. Katika kesi ya Hernandez dhidi ya New York ya mwaka 1991, wajumbe wanaojua Kihispania waliondolewa kwa sababu mwendesha mashtaka aliwatilia shaka kwa hilo, na Mahakama Kuu ikakubali sababu yake. Wengi tuliudhika tuliposoma. Jibu lenu liwe la kweli, liwe fupi.

Mume wangu anataka kujua kesi ni ya nini. Nimwambie? (Seattle)

Kabla haijaisha, hapana. Mwambie uko kwenye kesi na utarudi saa ngapi, basi. Usitafute majina kwenye simu, usipite mtaani palipotokea tukio "kuangalia tu". Kesi nzima inaweza kufutwa kwa sababu ya mjumbe mmoja mdadisi. Ikiisha na jaji akawaachia, unaruhusiwa kusimulia ukitaka, isipokuwa jaji awe amekataza. Waliokaa kwenye juri kubwa, ile ya watu 16 mpaka 23 inayoamua kama mtu ashtakiwe kwenye mahakama ya shirikisho, wao siri yao haiishi.

Wangu alivumilia siku nne, kila jioni akinizungukia jikoni na maswali ya pembeni. Siku ya tano nikamketisha, nikaanza tangu shahidi wa kwanza. Nilipofika kwa shahidi wa tatu alikuwa anakoroma.