Mtoto Anayeogopa Kuku

SWALI: Binti yangu wa miaka mitatu hulia kila amwonapo kuku, ilhali uani kwetu wamejaa, na mbuzi pia wapo. Nimzoesheje?
Mama Mwanaidi, Tanga

JIBU: Mama Mwanaidi, usimsogeze kwa nguvu. Keti naye kizingitini, mpe punje za mtama azirushe mbali, kisha mtazame pamoja jinsi kuku anavyochakura mchanga, akarudi nyuma kidogo na kuinamia alichofukua. Akiwapo anayeatamia, mhesabieni siku, kwa kuwa mayai huanguliwa baada ya siku 21 hivi. Ila mwenye vifaranga asikaribiwe, maana huyo hata mtu mzima humdonoa. Mbuzi, kwa maoni yangu, ni rahisi zaidi: mtoto hushika ncha ya tawi, mbuzi akala majani upande wa pili. Baadaye anawe mikono kwa sabuni, hata kama hakumgusa mnyama.

Mbwa wa mtaani ni suala jingine kabisa. Mfundishe kutomgusa, na iwapo ataumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha umpeleke hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa.