Elfu kumi ya kila siku inaishia wapi

Mkuu, umeuliza kwa nini unaacha elfu kumi ya matumizi kila asubuhi, mpo watu watano, na bado kila mwisho wa mwezi mama watoto anasema unga umekata na mafuta yamebaki ya kukaangia yai moja. Ukauliza pia kama ukihamia supamaketi, ukanunua kila kitu mara moja kwa mwezi, utapumua. Nimeona waliotangulia kukujibu wanakwambia mkeo anapiga panga, yaani anajikatia hela ya matumizi. Mimi ni mke wa mtu, nipo hapa Tabata, Dar, tupo sita ndani ya nyumba na kikapu nashika mimi, kwa hiyo acha nikujibu kama mwenye kikapu.

Hela yako inaliwa na vipimo. Elfu kumi mara siku thelathini ni laki tatu, lakini inaingia vipande vipande, kwa hiyo mkeo hapati hata siku moja bei ya mwenye laki tatu mkononi. Anapata bei ya robo. Mtaani kwetu robo ya sukari ni 900 na kilo ni 3,200. Anayechukua robo nne ametoa 3,600. Mia nne unaweza kuidharau, lakini hesabu hiyo hiyo ipo kwenye mchele, maharage, majani ya chai, sabuni ya unga ya vipakti, na inajirudia wiki nzima. Wala simlaumu Mangi mwenye duka. Anapima, inamwagika, kuna wateja wanakopa halafu wanahama mtaa usiku. Na tarehe 25 ni yeye anayekuandika kwenye daftari, siyo supamaketi.

Sasa usikimbilie kununua kila kitu kwa jumla, maana hapo ndipo wengi wanapotea njia. Nyumbani kwangu ninaigawa hivi: kitu ambacho huwezi kukila bila kukipika kwanza, nunua kingi. Mchele, maharage, unga, choroko. Hakuna mtoto anayepita jikoni akachota maharage mabichi. Lakini sukari, maziwa ya unga, karanga na mafuta ya kula, kadiri vinavyojaa ndani ndivyo mikono inavyokuwa mizito. Lete dumu la lita 20 uone: chapati zitaogelea, na jirani atakuja kuomba "kidogo tu dada". Mimi nachukua la lita 5, nalifungia kabatini, kisha natoa kwenye chupa ndogo. Chupa ikiisha kabla ya wiki, kuna mtu ataeleza.

Nyanya, hoho na mboga za majani achana nazo kabisa kwenye mpango wa jumla. Hizo ni za genge, kila siku au siku mbili. Tenga la nyanya ni la mama ntilie. Kwa familia ya watu watano nusu yake itaoza ukiwa unaiangalia.

Nafaka zangu nachukua sokoni Tandale. Kuna jambo moja nataka ulielewe kabla hujaenda, kwa sababu ukikosea hapo faida yote inabaki kwa muuzaji. Pale utakuta mizani na utakuta sado. Sado ni ile ndoo ndogo ya lita 4, na sado tano ndiyo debe. Wengi wetu tumezoea kusema "sado ni kilo nne", lakini sado ya maharage au mchele iliyopigwa msawazo haifiki kilo nne. Ikijazwa mpaka kilele ndiyo inakaribia. Halafu angalia ndoo yenyewe. Nyingine imepashwa moto ikabonyezwa kitako kwa ndani, nyingine mdomo umebanwa. Na angalia mkono wa anayepima: anachota kwa upole, anamwaga taratibu katikati, hatikisi. Ukimwambia "tikisa kidogo kaka" anacheka, anagonga ndoo chini mara mbili na maharage yanashuka kidole kizima. Kwa hiyo mimi siku hizi nasema "nipimie kwa kilo", hata kama bei ya sado inaonekana tamu. Kama hana mizani, jirani yake anayo. Ukipewa bei ya sado na bei ya kilo sehemu mbili tofauti, peleka zote kwenye kilo ndipo ulinganishe.

Ukiwa hapo hapo chota mchele kiganjani. Mchele mpya unanukia vizuri ila unataka maji machache na hauongezeki sana, ukizidisha maji unapata bokoboko. Uliokaa miezi kadhaa unajaa sufuria. Kwa nyumba yenye vijana wanaokula kama wanaenda vitani, kilo ya mchele uliokaa inalisha zaidi. Na uliza chenga. Ni bei ndogo kuliko mchele mzima, na kwa uji na vitumbua hakuna atakayejua.

Unga. Kama nyumbani mnakula ugali kila siku, acha kununua unga wa paketi, nunua mahindi upeleke mashineni. Ukikoboa sembe, sehemu ya uzito inaondoka kama pumba, na pumba hizo mara nyingi zinabaki kwa mwenye mashine. Ukisaga dona, karibu kila ulichokipeleka unarudi nacho. Familia ikigoma dona, changanya kidogo kidogo, watazoea. Ila dona haikai kama sembe, kile kiini kina mafuta na unga unachacha, kwa hiyo saga ya wiki mbili tu. Na mahindi yenye ukungu au yaliyobadilika rangi usiyaguse hata kama ni bei ya bure. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara, na haiondoki kwa kupika.

Halafu kuna majira, ambayo nadhani yanaokoa hela kuliko hata kuombana bei. Kuanzia Juni mchele wa Mbeya na Morogoro unaanza kushuka mjini, mahindi ya nyanda za juu kusini yanafuata. Huo ndio wakati wa kuweka, siyo Februari ambapo kila mtu anatafuta. Masika ikichanganya nyanya zinapaa, zinaoza shambani na barabara zinakatika. Miezi hiyo mimi nahama: kisamvu cha karanga, mchicha wa nazi, maharage ya nazi, vitu ambavyo nyanya mbili zinatosha. Ramadhani ndiyo usiseme. Uwe Mwislamu au Mkristo bei itakukuta sokoni: mihogo, magimbi, viazi vitamu, nazi, tambi, sukari. Vile vikavu navinunua Shaabani, mwezi wa kabla ya Ramadhani, ikiwa bado mbichi, hapo naivunja ile sheria yangu ya sukari. Wanaokumbuka mwanzo wa 2024, mvua za El Nino zilivyosimamisha viwanda na kilo ya sukari ikapita 4,000, wanajua kwa nini.

Utaniambia: hela ya kununua gunia natoa wapi na mimi naishi kwa elfu kumi ya siku? Usianze na gunia. Mwezi wa kwanza, siku ya mshahara, ondoa bidhaa moja tu kwenye ile elfu kumi. Tuseme maharage: nunua ya mwezi mzima, kisha punguza kinachoachwa mezani asubuhi, elfu kumi iwe elfu tisa. Usipopunguza hujafanya kitu, umeongeza tu chakula. Mwezi unaofuata, kile kilichobaki ongezea uchukue mchele. Ukifika mwezi wa nne au wa tano vikavu vyote vimetoka kwenye hela ya kila siku, na mezani inabaki ya mboga, mkaa na nauli ya mtoto. Na mkeo ajue hesabu, mkae naye. Ukienda kununua peke yako ukarudi na maharage yasiyoiva, usije kumlaumu kwa kumaliza gesi.

Njia nyingine ni wenzako. Sisi kina mama watano wa mtaa mmoja tuna mchezo wa vyakula. Kila mwezi tunachanga, wawili wanakwenda Tandale wanachukua gunia la mchele na la maharage kwa bei ya gunia, tunakodi kirikuu moja, kile kigari kidogo cha mizigo, tunagawana kwa mizani uani kwangu huku kila mtu anaangalia. Nauli ukiigawa kwa watano haiumi. Ukienda peke yako na kurudi kwa bodaboda na kilo kumi za mchele, bodaboda ndiye aliyeokoa hela.

Samaki vivyo hivyo. Mnada wa Feri unauza mafungu makubwa, mnunue wawili watatu mgawane, mlipe wa kuparua. Asubuhi, siyo saa nane mchana.

Supamaketi ulilouliza: kwa nafaka sioni faida, unalipia paketi na kiyoyozi. Mimi naingia kwa sabuni, dawa ya meno na vitu vya ofa, na naingia peke yangu. Ukienda na watoto wawili na toroli, hiyo ni safari ya matembezi, iandike kwenye fungu la matembezi.

Usisahau nishati, maana unaweza kuokoa kwenye maharage ukapotezea kwenye mtungi. Loweka usiku, mwaga yale maji, chemsha kilo mbili kwa mkupuo. Yagawe kwenye ndoo tupu za aiskrimu, gandisha, kila siku toa moja ukaunge. Kama unawaza kununua friza kubwa kwa ajili ya "kuhifadhi nyama ya mwezi", mimi ningesubiri. Piga kwanza hesabu ya luku na umeme unavyokatika huko kwenu. Friji ya kawaida yenye sehemu ya kugandisha inakutosha kwa maharage na kilo tatu nne za nyama.

Vikavu viweke juu ya mbao, visiguse sakafu wala ukuta, saruji inatoa unyevu. Kama mahindi au maharage yatakaa zaidi ya miezi miwili, tafuta mifuko ya PICS kwenye maduka ya pembejeo, ile yenye nailoni mbili ndani. Fukusi anakosa hewa anakufa bila dawa, mradi nafaka iwe imekauka sawasawa na ufunge kila nailoni peke yake.