Maswali ya Wasomaji: Rais amefuta hati ya shamba, sasa ardhi ni ya nani?

Jirani na kijiji chetu kuna shamba la mkonge lililogeuka pori. Tumeambiwa Rais amefuta hati yake. Vijana wameshaanza kukata viwanja, na mjumbe mmoja ananiuzia ekari 2. Ninunue?
Msomaji, Muheza

Usinunue, ndugu yetu. Ardhi hiyo haijawa ya kijiji, sembuse ya mjumbe. Kwa Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma, na Rais ameishika kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Mwenye hati alipewa haki ya kuitumia kwa masharti. Haki hiyo ikifutwa, ardhi inarudi kwa mdhamini, si kwa jirani aliye karibu na mpaka.

Na Rais mwenyewe hafuti hati kwa kuamka tu asubuhi. Lazima kuwe na sababu ya msingi: shamba limetelekezwa miaka 2 au zaidi, masharti ya uendelezaji yamevunjwa, au limeuzwa kinyume cha sheria kwa asiye raia. Maofisa ardhi hukagua, mmiliki hupelekewa notisi ya ubatilisho (kufutwa kwa hati) ya siku 90, kisha Kamishna wa Ardhi hupeleka mapendekezo kwa Rais. Tamko la mkuu wa wilaya kwenye mkutano wa hadhara halifuti hati, hata likipigiwa vigelegele.

Mambo huharibikia kwenye notisi. Ikipelekwa anwani ya zamani, au isiwafikie wote wenye maslahi katika shamba, ikiwemo benki inayolishikilia kwa rehani, mmiliki anapata pa kushika mahakamani. Kesi ikifunguliwa na zuio likitolewa, aliyekwisha kujenga ndiye anayeumia: minazi yake michanga, msingi wake wa tofali, vyote vinabaki kwenye ardhi yenye mgogoro.

Kwa hiyo nenda ofisi ya ardhi ya mkoa, Tanga mjini, na namba ya hati au ya shamba, uombe upekuzi rasmi. Majibu yataonyesha nani ameandikwa kuwa mmiliki, kama kuna rehani au zuio, na kama ubatilisho umesajiliwa. Ukikuta umesajiliwa, uliza halmashauri kuhusu mpango wa matumizi na upimaji. Anayegawiwa kihalali hupata barua ya toleo, yaani barua rasmi ya kupewa ardhi, yenye jina lake. Karatasi ya daftari yenye sahihi za mashahidi wawili si barua ya toleo.

Tukichoshwa na Meya wetu, Rais anaweza kumwondoa?
Msomaji, Ngamiani

Hapana. Meya huchaguliwa na madiwani na huondolewa na madiwani. Wateule wa Rais ni mkurugenzi wa jiji, mkuu wa wilaya na mkuu wa mkoa. Huyu wa mwisho, kwa ibara ya 61 ya Katiba, Rais humteua baada ya kushauriana na Waziri Mkuu.

Mdogo wangu yuko mahabusu Maweni, kesi haijaisha. Msamaha wa Rais wa Desemba 9 utamgusa?
Dada, Pangani

Hautamgusa, dada, na tunasikitika kukujibu hivyo. Ibara ya 45 ya Katiba inampa Rais uwezo wa kumsamehe mtu aliyekwisha kupatikana na hatia mahakamani, kumpunguzia adhabu au kuibadilisha iwe tahafifu, yaani nyepesi zaidi. Mdogo wako bado hajahukumiwa. Kwa sasa njia zake ni dhamana, kama kosa lake linadhaminika, au Mkurugenzi wa Mashtaka kuliondoa shauri.

Akihukumiwa, jifunze kutofautisha punguzo na msamaha. Theluthi moja inayopunguzwa gerezani inatokana na Sheria ya Magereza. Msamaha huja juu yake. Tuseme kifungo ni miaka 6, yaani miezi 72: theluthi ikitoka inabaki 48. Tangazo likisema robo ya kilichobaki, inatoka miezi 12 mingine, anatumikia 36. Ila soma tangazo lote, maana huwa linataja makosa yasiyohusika.

Anayekuomba hela ili jina la mdogo wako "liingizwe kwenye orodha ya Ikulu" ni tapeli. Hela hiyo mpe wakili.