Nimefuta mauzo ya miaka mitano, faili liko vilevile

*Kaka, pole na kazi. Nina duka la vipuri vya pikipiki hapa Mwanza. Programu yetu ya mauzo inatumia hifadhidata ya Firebird, na faili lake limefika GB 9. Juzi nilifuta mauzo yote ya 2015 hadi 2019. Faili halikupungua hata chembe, na ripoti ya asubuhi yake ilichukua karibu nusu saa! Fundi anasema dawa ni kutoa nakala kamili na kuirejesha upya, lakini diski imebakiwa na GB 4 tu. Nifanyeje?*
Mama Vipuri, Mwanza

Nimeshapoa, dada. Faili kupungua bila kurejesha nakala, sahau. Hapo fundi wako yuko sahihi. Ila kwani lina haja ya kupungua? Nafasi ikishasafishwa, mauzo mapya yatakaa humohumo.

Ripoti ilikuwa nzito kwa sababu Firebird haiondoi rekodi papo hapo. Huzitia alama tu, na anayekuja kuzisoma baadaye ndiye hukabidhiwa ufagio. Asubuhi ile ilikuwa zamu ya ripoti yako.

Kabla ya kufagia rekodi hizo, endesha `gstat -h` (zana ya Firebird ya kukagua faili) usome namba za miamala, yaani kazi zinazofunguliwa na kufungwa ndani ya hifadhidata. "Oldest active" ikiwa imeachwa mbali na "Next transaction", kuna mtu kaacha muamala wazi, na vilivyofutwa baada yake haviguswi. Niliwahi kufagia data ya stoo moja usiku mara tatu, patupu. Kumbe kompyuta ya keshia haijazimwa tangu Ijumaa, dirisha la mauzo liko wazi! Siku hizi nazunguka kaunta zote kwanza.

Mkishafunga duka, endesha `gfix -sweep` ukifuatisha njia ya faili. Firebird hujifagia yenyewe pengo la miamala likizidi 20,000, lakini haichagui saa. Yaweza kuanza adhuhuri wateja wamejaa. Mimi huizima kwa `gfix -housekeeping 0` na kupanga ya usiku. Kama wewe ni msahaulifu, usiizime.

Kisha `SET STATISTICS INDEX` kwa kila faharasa (index, orodha ya kutafutia rekodi haraka) ya jedwali la mauzo, maana takwimu zilizopo bado ni za enzi za rekodi ulizofuta.

Na nakala utoe, tena kabla ya yote haya, kwa `gbak`, zana ya Firebird ya kutoa nakala, kwenda diski ya nje. Kinachokula nafasi ni kurejesha, na hilo hulifanyi. GB 4 zako ziache zilivyo.