Ukoma wa karanga hauna dawa ya Februari

Ujumbe umeingia kutoka Urambo: karanga zimedumaa, majani yamejikunja, "nipige dawa gani?" Swali hili huja kila msimu, na huja Februari. Ndugu yangu, mche ulioshikwa na ukoma haurudi. Dawa inaua vidukari, wadudu wadogo wanaoueneza ugonjwa huu. Haiondoi kirusi kilichokwisha kuingia kwenye mche. Ugonjwa huu uliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1907, hapahapa nchini, na inauma kuona bado unatushtukiza.

Ukoma wa njano kila mtu anautambua. Unaodanganya ni wa kijani: majani madogo yaliyokolea rangi, yamesongamana kwenye pingili fupi, na mwenye shamba anadhani karanga zimenawiri. Ng'oa mche mmoja. Kama uliambukizwa kabla ya maua, utakuta mizizi mitupu au maganda mawili matatu yasiyo na punje. Kisha fungua kilele cha mche wa jirani: vidukari weusi wanaong'aa, watoto wao wa kijivu, magamba meupe waliyojivua, na sisimizi wakipanda na kushuka kufuata utamu wanaoutoa. Ukiona sisimizi kwenye karanga, inama uangalie.

Kinga hufanyika Novemba na Desemba. Ng'oa maotea, yaani karanga zilizojiotea zenyewe kutoka msimu uliopita, maana kirusi hujihifadhi humo. Panda mara mvua zikishika, ili vidukari wanapoongezeka karanga ziwe zimeshaanza kubeba. Mstari hadi mstari sentimita 50, shimo hadi shimo sentimita 10, punje moja moja. Hapo unapata miche kama 80,000 kwa ekari, kwa kilo 32 hadi 40 za mbegu iliyobanguliwa, kutegemea ukubwa wa punje. Wengi hubania mbegu hapa, na hapa ndipo wanapoumia: kidukari anayeruka hupenda kutua penye miche iliyoachana na udongo mtupu katikati. Shamba lililofunika ardhi mapema hulipita juu. Mapengo yazibe mara tu mbegu zinapomaliza kuota.

Mbegu ya karanga iitwayo Pendo inapendwa kwa kuwahi kukomaa, lakini kwa ukoma haifui dafu. Ulizia mbegu zenye ukinzani za TARI Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo. Ukinzani huo ni dhidi ya kirusi, si dhidi ya vidukari, kwa hiyo usitishike ukiona vidukari wachache juu yake.

Ukitaka dawa, paka mbegu imidakloprid kwa kipimo cha kwenye lebo, au nyunyiza wiki za mwanzo, ukilenga vilele na chini ya majani. Miche ya kwanza yenye dalili ing'oe ingali michache. Maganda yakishajaa, weka bomba chini. Ukoma wa wakati huo hauli sana mavuno.

Wapo wanaotupa mbegu yote baada ya ukoma kwa kuufananisha na batobato, ugonjwa mwingine wa kirusi, ya maharage ya Kasulu na Kibondo. Batobato hupita kwenye mbegu, na maharage ya mche mgonjwa hayafai kupandwa. Ukoma wa karanga haupiti kwenye punje. Chagua zilizojaa, uzipande mapema.