Swali la lugha: sahani ya Delft ni kauri au bati?

Swali: Zile sahani za Delft za Uholanzi zenye maua ya rangi rangi, niziite za kauri au za bati? Mwenzangu kashikilia kauri. Mimi nimesoma kwamba zina bati.

Jibu: Mmekosea wote wawili. La bati tulimalize upesi: sahani ya bati ni ile ya bwenini, ikianguka inalia, haivunjiki.

Kinachonikera ni kauri. Siku hizi chochote cheupe kinachong'aa, hata kigae cha chooni, ni kauri! Neno ni la yule simbi wa pwani, kombe dogo la baharini linalong'aa, na Waitaliano nao chombo cha Kichina walikiita porcellana kwa jina la simbi huyohuyo. Kauri hufinyangwa kwa kaolini, udongo mweupe laini, huchomwa kwa nyuzi 1300 hivi za selsiasi, na weupe wake umeingia hadi ndani. Sahani ya Delft ni udongo wenye chokaa, uliochomwa kwa nyuzi 1000 hivi, kisha ukachovywa katika uji wa mchanga, risasi na oksidi ya bati. Bati ndilo linaloufanya utando huo wa kioo uwe mweupe. Maua huchorwa juu ya utando mbichi unaonyonya rangi papo hapo, kwa hiyo mkono ukiteleza hakuna kufuta: kobalti kwa buluu, shaba kwa kijani, antimoni kwa manjano, manganizi kwa zambarau. Ndipo sahani hurudi jokoni. Chokaa ikipungua, udongo na utando husinyaa kwa viwango tofauti, na utando hupasuka au hubanduka.

Basi tafuta ukingo uliobanduka, udondoshee tone la maji. Likinyonywa, huo ni udongo. Kwenye kauri tone hukaa juu. (Na sahani yenye ubanduko usiiloweke, itaingia madoa.)

Muuzaji atakwambia Waholanzi wenyewe sahani hizo waliziita porceleyn, yaani kauri. Kweli, na kiwanda cha De Porceleyne Fles kipo Delft tangu 1653. Lakini ile ilikuwa biashara: nasaba ya Ming ilianguka 1644, kauri ya China ikaadimika, wafinyanzi wakaziba pengo kwa udongo na jina la kuazima.

Sema "sahani ya udongo ya Delft", na ukitaka kutaja ufundi, ongeza "yenye utando wa bati". Kauri waachie mabakuli ya Kichina yaliyopachikwa kwenye makaburi ya kale ya Kunduchi, Dar es Salaam. Fundi wa vigae nimeshamsamehe, mwenzako bado.